Viza Hukufikisha Mlangoni tu

Mabibi na mabwana, mwenye pasipoti yake hapa aifungue kwenye ukurasa wa viza. Mmeiona tarehe ya mwisho? Wengi huisoma kama ruhusa ya kukaa hadi siku hiyo, na hapo ndipo balaa huanzia.

Chukueni viza ya utalii ya Marekani. Yaweza kudumu miaka 10, lakini hiyo ni miaka ya kubisha hodi. Muda wa kukaa hupangwa na ofisa wa uhamiaji siku unapoingia, kwa kawaida miezi 6, nao huandikwa kwenye rekodi iitwayo I-94. Ukizidisha muda huo kwa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa mlango miaka 3. Ukifikisha mwaka, miaka 10.

Ulaya, katika eneo la Schengen, yaani nchi zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao, ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Mama pale mbele anauliza: nikitoka kidogo nikarudi, si naanza upya? Hapana, mama. Kila siku uliyopo, ofisa hutazama nyuma siku 180 na kuhesabu ulizokaa, siku ya kuingia na ya kutoka zikiwemo. Aliyeingia 1 Januari akatoka 31 Machi, mwaka usio na 29 Februari, amemaliza zote 90. Kurudi ni kuanzia 30 Juni. Kuhamia Hispania kutoka Ufaransa hakumsaidii, maana kapu ni moja.

Sasa wastaafu. Thailand humpa mwenye miaka 50 au zaidi nafasi ya kukaa mwaka mmoja mmoja, akionyesha bahti 800,000 benki au kipato cha bahti 65,000 kwa mwezi. Fedha za benki ziwe zimelala humo miezi miwili kabla ya kuomba. Za kuazima wiki ile hazifui dafu. Kazi hairuhusiwi, na kila siku 90 unaripoti unapoishi. (Kuripoti huko hakukuongezei hata siku moja, ingawa wapo wanaodhani hivyo.)

Kinachowaumiza wengi ni safari fupi. Mstaafu anakwenda kwao kwenye harusi, hakuchukua kibali cha kurejea kabla ya kuondoka. Akivuka mpaka tu, mwaka wake umefutika, na akirudi anapokelewa kama mtalii.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mzee, uliza.