Nyumba Iliyorukwa

*Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, semina ya Kwaresima, katika parokia moja ya Dar es Salaam*

Tumsifu Yesu Kristo!

Haya, mmeitikia vizuri, ingawa wa huko nyuma bado wanagombania viti. Bananeni tu, ndugu zangu. Habari ya leo yenyewe ni ya viti.

Baba Paroko amenipa mada ndefu: kuiishi imani katika mahusiano ya kila siku na katika jumuiya. Mimi nitazungumzia daftari. Nimekuwa katibu wa jumuiya yetu, hizi familia jirani tunaosali pamoja, miaka 11, na makatibu wenzangu mnayajua madaftari yetu matatu: la mahudhurio, la michango na la zamu za nyumba, yaani wiki hii tunasali nyumbani kwa nani. Mawili ya kwanza tunayatunza kama mboni ya jicho. La tatu tunaliandika kwa penseli.

Na hilo la tatu ndilo lililotuleta hapa. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki pamoja na Malawi na Zambia, walikutana Nairobi wakasema maisha ya Kanisa yajengwe katika vikundi vidogo, palepale watu wanapoishi na kufanya kazi, ambapo mtu anamfahamu mwenzake kweli. Mwaka 1976, Nairobi tena, wakaifanya kazi ya kujenga jumuiya hizi kuwa kipaumbele chao. Huku kwetu jambo halikuwa geni sana, maana watu walishazoea balozi wa nyumba kumi. Lakini liangalieni lile neno: *wanapoishi*. Hawakusema ukumbini. Wala hawakusema kila Jumamosi kwa mwenyekiti kwa sababu ana sebule kubwa na feni.

(Walutheri wana jumuiya zao pia, kwa hiyo kama kuna aliyetutembelea leo, ajue nasema nyumbani kwangu.)

Sasa niseme langu. Siku moja alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu kuomba barua ya mwanae wa Komunyo ya Kwanza, ile ya kumthibitishia Paroko kwamba familia inashiriki jumuiya. Anauza vitumbua, anaishi chumba kimoja cha kupanga, uani. Nikafungua madaftari kama kawaida yangu. Mahudhurio, yumo. Michango, yumo, tena kwa shilingi zake ndogondogo, hakuruka mwezi. Nikafungua la zamu. Mara nne zamu ilikuwa imefika kwake, na mara zote nne mbele ya jina lake kumeandikwa neno moja: *udhuru*.

Alikuwa amesimama begani kwangu, akasoma. Akaniuliza taratibu, "Katibu, huo udhuru nilikupa lini?"

Hakuwahi kunipa. Mwandiko ni wangu. Tulipokaribia kwake, mwenyekiti alinong'ona kwamba kule tutakaa wapi, nami nikaona ni huruma kumwondolea aibu. Huruma gani hiyo, mtu hajaulizwa! Mtume Yakobo anawakemea wale wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini miguuni. Sisi tulimzidi yule mwenye kusanyiko wa Yakobo. Yeye angalau maskini aliingia, akaonyeshwa pa kukaa.

Jumamosi iliyofuata, saa 12 asubuhi, tukaenda kwake. Tulikuwa 19. Alikuwa ameazima vigoda vitatu kwa jirani yake Mwislamu, ametandika mkeka, na ndoo mbili zimepinduliwa ziwe viti. Mzee wetu mmoja, mstaafu, mtu wa suti, alikalia ndoo. Mshumaa umesimamishwa kwenye chupa ya soda. Nyuma ya pazia la kanga mtoto amelala, anakohoa. Ilikuwa masika, na katikati ya somo mvua ikashuka. Bati likaanza kuvuja, tone moja moja, juu ya kitanda. Mama akanyanyuka bila haraka, akaweka sufuria, akarudi kukaa. Ilionekana anajua hasa pa kuiweka.

Mnazijua zile hatua saba za kushirikishana Injili tulizozipata kutoka Lumko, taasisi ya kichungaji ya Kanisa huko Afrika Kusini. Hatua ya sita ni ya kuulizana: je, tufanye nini? Kwetu hatua hiyo siku zote tuliipita mbio ili watu wawahi kazini. Mtu anasema "tuzidi kupendana", wenzake wanaitika amina, basi. Asubuhi ile hakuna aliyethubutu kusema tuzidi kupendana. Tumekaa kimya tunaisikiliza sufuria. Ndipo kijana mmoja, fundi, akauliza bati hilo ni la geji gani. Jumatatu alirudi na mabati mawili na misumari. Hakuna karatasi ya mchango iliyopitishwa, na mimi sikuandika popote.

Mwenye nyumba wake tulimsema sana njiani, lakini hayo tuyaache.

Baada ya hapo tukajiona wajanja, tukaweka azimio: chai ifutwe. Maana nanyi mnajua, chai ya jumuiya ilikuwa imegeuka mashindano. Huyu kaweka chapati, yule kaweka supu, mwenye nyumba ndogo anaogopa zamu kama deni. Kila mtu akapiga makofi isipokuwa yeye, yule mama wa vitumbua. Akasimama akasema, "Mlininyima miaka miwili. Sasa nimepata, mnaninyima tena kuwakaribisha."

Nilikuwa sijaliwaza hilo hata kidogo. Sisi tulidhani upendo ni kumpunguzia mzigo, kumbe kumkaribisha mtu ni heshima, na mtu asiyeruhusiwa kukaribisha amefanywa mgeni daima kwenye jumuiya yake mwenyewe. Yesu kwa Zakayo alijialika, tena mbele za watu wanaonung'unika. Hakumtumia Zakayo kikapu cha msaada akapita. Azimio likabadilika: kila nyumba itaweka ilicho nacho, kimoja tu, na asiyekunywa asitafute sababu.

Mtaniambia, Katibu, na zile barua je? Tunazuia barua ya ubatizo, ya ndoa, na wakati mwingine tunasimama msibani kuulizana kama marehemu alikuwa anasali jumuiya. Namwelewa Paroko, hawezi kuwajua watu wote hawa bila sisi. Lakini kabla ya kuandika kwamba fulani haonekani jumuiya, katibu afungue kwanza daftari la zamu, aone kama jumuiya yenyewe imewahi kuonekana kwa fulani. Nyumba ya ndoa ya mseto. Nyumba ya dada aliyezaa bila kufunga ndoa. Nyumba yenye mgonjwa anayetoa harufu. Mimi kwangu nimezikuta sita.

Basi, madaftari niliyowaambia mje nayo, yatoeni. Mna nusu saa kabla ya chakula. Kaeni jumuiya kwa jumuiya, muanzie Januari mwaka jana, na kila penye *udhuru* muulizane nani aliuandika. Kalamu zipo pale mezani. Penseli sikuleta.