Sweta kutoka kisiwa kisicho na kondoo

Assalaam alaykum, na habari za jioni.

Nimekuja na sweta. Msicheke, najua hapa Unguja hata Julai hamna haja nayo. Niliinunua Arusha, mtumba wa gredi A, nikageuza kola kutafuta saizi, nikakuta imeshonwa Morisi. Morisi! Kisiwa cha joto, kondoo wa kutaja hakina, na Unguja na Pemba tukijumlishwa tunakizidi ukubwa. Kumbe kiliwahi kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa sweta za sufu duniani.

Mwaka 1961 James Meade, mchumi Mwingereza aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel, alikitabiria mabaya: watu wanazidi, ardhi yote miwa, kazi hakuna. Hakukosea hesabu. Walipojitawala mwaka 1968, karibu kila walichouza nje kilikuwa sukari.

Mwaka 1970 wakatunga sheria ya viwanda vya kuuza nje: nafuu ya kodi, malighafi kuingia bila ushuru. Wengi tumeiga hapo, tukazungushia eneo ukuta, tukasubiri. Wao hawakujenga ukuta. Kiwanda popote kisiwani kiliweza kupewa hadhi hiyo, kwa hiyo viwanda viliwafuata wanawake huko huko vijijini. Na kima cha chini cha mshahara wao kiliwekwa chini ya kile cha wanaume, mpaka miaka ya themanini. Wanaosifu muujiza wa Morisi huliruka hilo.

Mtaji je? Sukari ile ile. Kwa Mkataba wa Lomé wa 1975, Ulaya ilikubali kununua tani laki tano na ushei kila mwaka, kwa bei ambayo miaka mingi ilikuwa juu sana kuliko ya soko la dunia. Bahati ya kupewa, tuseme ukweli. Wenye mashamba hawakunyang'anywa. Walitozwa ushuru kwa sukari inayotoka, na faida iliyobaki wengi wakaiingiza kwenye cherehani na hoteli, bega kwa bega na wawekezaji wa Hong Kong.

Sisi tulikuwa na karafuu. Miaka hiyo hiyo ya sabini bei ilikuwa nzuri na Indonesia ikinunua kwa ajili ya sigara zake. Tukapata televisheni ya rangi, miaka ishirini kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote. Siilaumu, nimekua nikiitazama. Lakini Waindonesia walikuwa wanapanda mikarafuu yao wenyewe, na mkarafuu hauzai leo na kesho. Muda wa kuona tulikuwa nao.

Morisi nayo zamu yake ilifika. Mwaka 2005 migawo ya biashara ya nguo duniani, yaani vikomo vya kiasi ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza, ikafutwa, nguo za China zikamwagika sokoni, akina mama wa viwandani wakabaki nyumbani. Haikupita muda Ulaya ikakata bei ya sukari kwa asilimia 36. Ila walikuwa wameshaanza utalii, mabenki, na mji wa kompyuta pale Ebène. Hata mabaki ya miwa iliyokamuliwa wanayachoma kufua umeme.

Mwaka jana nilimnunulia binti yangu sweta nyingine, pale pale Arusha. Nikageuza kola: Madagascar. Huko nako, viwanda kadhaa vya nguo wenyewe ni watu wa Morisi.