Aliye Ukutani Nyuma Yangu Anaitwa Făt-Frumos

Assalaam aleikum jamani, na wale wa hamjambo, hamjambo. Leo nilikuwa nizungumzie kodi za nyumba, lakini swali la picha limenifika shingoni. Kila video nikiweka, komenti ni zilezile: huyo mwanamume aliyepanda farasi mwenye mabawa, hapo ukutani, ni nani? Wengine wameandika ni Dracula. Wengine eti nimeingia Freemason, ndiyo maana nimepata kazi. Na kuna mmoja ameandika kwamba nimeanza kutundika mashujaa wa Wazungu kwa sababu nimeshasahau kwetu Mombasa. Hilo limeniuma. Mama yangu anazisoma hizo komenti, kwa hivyo najibu.

Anaitwa Făt-Frumos. Ni shujaa wa ngano za Waromania, mwana wa mfalme, mara nyingi kitinda mimba, yule ambaye kaka zake wakishashindwa ndipo anafunga safari yeye. Anapigana na mazimwi wanaoitwa zmei, anapigana na majoka ya vichwa vingi, anamkomboa Ileana Cosânzeana, binti mwenye nywele za dhahabu. Watoto wa hapa Romania, ninapoishi, wanakua naye. Dracula mnayemtaja aliandikwa na mtu wa Ireland mwaka 1897, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Romania. Watalii ndio wanaokuja kumtafuta. Mimi naishi na wenyeji, na wenyeji wakiwalaza watoto wao hawawahadithii Dracula.

Nilimjua darasani. Mwanafunzi wa kigeni akija huku kusoma kwa Kiromania, kwanza anapitia mwaka wa maandalizi wa kujifunza lugha. Mwalimu wetu kule mji wa Iași alitusomesha kwa ngano. Na kabla hamjasema najisifu kusoma Ulaya: ada yangu ilitoka kwenye kiwanja cha familia, kiwanja ambacho hakipo tena, na mpaka leo kuna mjomba hapokei simu yangu kwa ajili hiyo. Nimekuwa nikituma pesa kila mwisho wa mwezi, na bado naambiwa nimekula haki ya watu. Haya, tuyaache.

Niwahadithie ngano yake ile iliyonifanya nitundike picha. Ilichapishwa mwaka 1862 na Petre Ispirescu, mtu wa Bucharest aliyefanya kazi kwenye mitambo ya uchapaji, hakuwa na shule kubwa, lakini aliyakusanya masimulizi ya watu wake kwa mapenzi makubwa. Mfalme na malkia hawana mtoto. Malkia anashika mimba, na siku ya kujifungua mtoto analia tumboni, hataki kutoka. Baba anamwahidi falme, anamwahidi mabinti wa kifalme, wapi. Mpaka anapomwahidi ujana usiozeeka na maisha yasiyo na kifo, ndipo mtoto ananyamaza na kuzaliwa.

Anafika miaka 15 anadai ahadi yake. Baba anakiri hana cha kumpa. Basi kijana anasema nitakwenda kuitafuta mwenyewe.

Hapa ndipo ninapopapenda. Anaingia zizini kuchagua farasi. Kila farasi akimshika mkia, farasi anaanguka chini. Wanapita hivyo wote, mpaka pembeni kabisa anamwona mmoja amekonda, amejaa vidonda, amelala. Anamshika mkia, na yule ndiye anayesimama imara, anageuza kichwa na kusema: niamuru, bwana. Kisha anamwambia masharti. Nenda kwa baba yako ukaombe upanga, mkuki, upinde, podo la mishale na nguo alizovaa alipokuwa kijana. Mimi unihudumie kwa mikono yako mwenyewe wiki 6, shayiri yangu uichemshe kwa maziwa. Silaha zinatolewa kwenye kasha la zamani, zimeliwa na kutu, na kijana anakaa kuzisugua mpaka zing'ae. Huyo ni mwana wa mfalme, jamani. Hapewi kitu kipya hata kimoja. Anachukua cha babake kilichotupwa, anakitengeneza, anaondoka nacho.

Njiani anamshinda zimwi jike aitwaye Gheonoaia, anamshinda mwenzake Scorpia mwenye vichwa 3, na farasi anaruka naye juu ya msitu wa wanyama wakali mpaka kwenye jumba ambako wakati haupiti. Anaoa. Anakaa. Ameonywa asitie mguu katika Bonde la Kilio, lakini siku moja anamfukuza sungura, mshale unamwangusha bondeni, naye anamfuata. Papo hapo anawakumbuka baba na mama yake. Hamu inamshika kama homa. Wenyeji wa jumba wanambembeleza: wazazi wako wamekufa zamani, karne zimepita. Anakataa, anapanda farasi kurudi.

Pale palipokuwa nyika ya Scorpia anakuta miji. Anawauliza watu, wanamcheka. Ndevu zinaota nyeupe, zinafika kiunoni, magoti yanalegea. Kwao anakuta magofu na magugu. Farasi anamuaga, anarudi. Yeye anazunguka mle ndani, akiinua kope kwa mkono ili aone, mpaka anapata kasha moja kuukuu. Ndani ya kisanduku chake sauti nyonge inamwambia: karibu, ungechelewa zaidi hata mimi ningekwisha. Ni kifo chake mwenyewe, kimekaukia humo kikimngoja. Kinampiga kofi, anageuka vumbi.

Mwalimu alipomaliza, Mkongo aliyekaa mbele yangu alitoka nje.

Sasa mnajua kwa nini nimeitundika. Mwaka nyanya yangu alipofariki, kibali changu cha kuishi kilikuwa ofisini kinafanyiwa upya. Nikitoka nchini bila kadi mpya, kurudi ni kuanza viza tena Nairobi. Nilipeleka barua ya msiba imetafsiriwa, na mtafsiri analipwa kwa ukurasa, muhuri wa notari una bei yake. Dirishani nikaambiwa nisubiri kama wengine. Hitima ya nyanya niliifuata kwa simu, mtandao ukikatika. Na wapo waliosema sikuja kwa kiburi cha Ulaya.

Silalamiki. Nchi hii imenilisha, na watu wake wanayajua haya kuliko mnavyodhani. Mamilioni ya Waromania wako nje, Italia, Uhispania, Ujerumani. Mama mwenye nyumba yangu, binti yake anauguza wazee Italia, na kila Pasaka anampikia sarmale, nyama na mchele vilivyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, na kumfungia kwenye ndoo za plastiki, anazikabidhi kwa dereva wa basi dogo. Picha hii ni yake. Ilikuwa chumbani kwa huyo binti, akanipa mimi.

Kwa hivyo anayesema nimesahau kwetu, ajue picha hii naitazama ndipo nakata tiketi. Sisemi kila mtu arudi kila mwaka. Kuna wenye watoto wadogo, kuna wasio na makaratasi kabisa, kuna ambao nauli ni mshahara wa miezi. Kila mtu na mambo yake, mimi nasema ya kwangu tu. Ila kadi yako ikikaribia kuisha, anza mapema kuifanyia kazi, usingoje wiki za mwisho, kwa sababu msiba haupigi hodi.

Video ya makaratasi ya kibali naitoa wiki ijayo, na kodi za nyumba baada ya hapo. Picha haitoki. Na nyinyi wa Lamu na Pate, badala ya kuniita Freemason, niandikieni habari za Fumo Liyongo kama wazee wenu wanavyozisimulia, kwa urefu, maana binti wa mama mwenye nyumba akija likizo nimeahidi kumhadithia shujaa wetu.