Kinanda Hakiishii Jumapili

Tumsifu Yesu Kristo! Na ndugu zetu Wamoraviani na Walutheri kule nyuma, Bwana Yesu asifiwe! Haya, tukae.

Nimeombwa niseme namna ya kujifunza piano bila kukata tamaa. Hapa Mbeya wengi wetu hatukuanzia kwenye piano. Tumeanzia kwenye kinanda cha kanisani, mara nyingi kile cha vitufe 61, wakati piano kamili ina 88. Kanisa limetulea, nalishukuru. Lakini kanisa hilohilo ndilo linalotusimamisha njiani. Kijana anajifunza kwa bidii mpaka siku anapoweza kuifikisha kwaya mwisho wa wimbo bila kupotea. Akishafika hapo, nani tena anamdai? Padri ameridhika, mwalimu wa kwaya ameridhika, akina mama wanapiga vigelegele. Miaka inapita, kodi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni zilezile tatu, halafu ananijia: "Mwalimu, hamu imeisha." Kilichoisha si hamu, ni kitu cha kukihangaikia.

Chukueni kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Naona mmeanza kucheka! Mwalimu anasema do ni E, wewe unabonyeza mara nne na kubaki kwenye vitufe vyeupe kama kawaida. Siku ukikalishwa mbele ya piano ya kweli, isiyo na kitufe hicho, umekwisha.

Chopin, Mpolandi aliyefundisha piano Paris karne ya 19, aliwaanzishia wanafunzi wake palepale tunapopakimbia. Dole gumba kwenye E, vidole vitatu vya katikati kwenye F-shapu, G-shapu na A-shapu, kidole kidogo kwenye B. Mkirudi leo jaribuni. Vile vidole virefu vinapata vitufe vyeusi vilivyoinuka, vile vifupi vinabaki kwenye vyeupe, na mkono unatulia wenyewe. Skeli ya C, ile ya vitufe vyeupe vitupu, ni rahisi kuisoma, lakini mkononi ndiyo inayosumbua.

Kwa hiyo chagua wimbo mmoja unaoupiga kwa transpozi kila mara, uuhamishie kwenye E kwelikweli. Anza na mkono wa kushoto, besi tupu, mpaka uweze kuipiga huku unaimba soprano. Itakuchukua wiki kadhaa, na usimtangazie mtu. Jumapili endelea na transpozi yako, kwaya isiteseke kwa ajili ya mazoezi yako. Ila sasa Jumatano, siku isiyo na ratiba, utakuwa na sababu ya kwenda kanisani.

Mwezi wa saba, baridi ya huku mnaijua, osha mikono kwa maji ya moto kwanza, na uanze polepole.

Kuna kijana wa Tukuyu ameuliza: nyumbani hana kinanda, na cha kanisani kinafungiwa. Mwanangu, muombe katekista ufunguo Jumamosi, uwahi saa moja kabla ya wanakwaya. Siku nyingine beba karatasi ya nota, solfa besi ukiwa njiani kwenda shambani, vidole uvichezeshe kwenye paja. Watakuona umechanganyikiwa, waache. Na siku ukipewa huo ufunguo, ukimaliza chomoa waya, kifunike kinanda, ukabidhi ufunguo mkononi mwake mwenyewe. La sivyo wiki ijayo hupewi.