Namba Iliyogandisha Seva: Mhadhara juu ya Ripoti za Hitilafu na Viraka katika PHP

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nieleze jinsi lugha ya programu ya chanzo huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, inavyopokea malalamiko ya watumiaji wake, na inavyopokea msaada wao pia. Nitabaki na lugha moja, PHP, ile ya kutengenezea tovuti. Wengi humu ndani ndiyo iliyowapa mshahara wa kwanza, hata kama siku hizi mkiulizwa mnaangalia pembeni.

Naomba muandike namba hii: 2.2250738585072011e-308.

Ukiiandika kwa kirefu, ina sifuri 307 baada ya nukta kabla hujakutana na tarakimu ya kwanza yenye maana. Iko mpakani kabisa mwa uwezo wa namba za desimali za biti 64. Juu yake zinaanza namba za kawaida. Kuanzia yenyewe kushuka chini, kompyuta inahifadhi kwa usahihi unaozidi kupungua. Mwishoni mwa Desemba 2010, mtu mmoja anayependa kuchunguza hesabu za namba jozi, zile za 0 na 1 ambazo kompyuta hutumia, aligundua kwamba ukiipa PHP namba hiyo, hupati jibu wala ujumbe wa kosa. Programu inaganda. Prosesa inazunguka palepale kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, na haitoki. Na haikulazimu uwe na akaunti wala ruhusa yoyote. Tovuti ikipokea namba kwenye fomu na kuifanyia hesabu, mtu aliyeko popote duniani angeweza kuilaza seva yako kwa kuandika tarakimu hizo tu.

Ripoti yake ilipewa namba 53632. Msimbo uliohitajika kuonyesha tatizo ulikuwa mstari mmoja: weka namba hii kwenye kigeu. Basi. Hakuna fremuweki, hakuna hifadhidata, hakuna "mfumo wetu wa mauzo umeanza kusumbua tangu juzi".

Baadhi ya waliojaribu mstari huo kwenye mashine zao hawakuona kitu. Ukisoma ripoti nyingi za hitilafu utagundua kwamba hapa ndipo nyingi hufia: mtunzaji anajaribu, kwake inafanya kazi, anafunga jalada. Safari hii watu waliendelea kulinganisha mashine, na picha ikajitokeza. Tatizo lilikuwa kwenye PHP iliyojengwa kwa biti 32, ile inayotumia kitengo cha zamani cha hesabu cha Intel kiitwacho x87. Kitengo hicho hufanya hesabu ndani yake kwa biti 80, kisha hupunguza hadi 64 pale tu namba inapopelekwa kwenye kumbukumbu. Msimbo unaogeuza maandishi kuwa namba hukadiria, husahihisha, hukadiria tena mpaka utosheke. Kwa biti 80 haukutosheka kamwe, kwa sababu marekebisho madogo yaliyotakiwa yalikuwa yakipotea njiani. Mashine za biti 64 zilitumia njia nyingine ya hesabu, kwa hiyo zikasalimika.

Kiraka, yaani rekebisho la msimbo, kilikuwa neno moja la lugha ya C, ambayo PHP yenyewe imeandikwa kwayo: volatile, lililowekwa mbele ya vigeu vichache ili kuilazimisha kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, ipeleke namba kwenye kumbukumbu kila mara na kuirudisha kwenye biti 64. Tarehe 6 Januari 2011 matoleo 5.3.5 na 5.2.17 yalikuwa yametoka. Wiki moja, tena wiki yenye mwaka mpya ndani yake.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Habari zilipoenea, watu wakajaribu namba kama hiyo kwenye Java, lugha nyingine ya programu. Jirani yake wa karibu, inayoishia na 12 badala ya 11, ikaigandisha Java vilevile. Oracle, wenye Java, walitoa marekebisho Februari 2011. Halafu watu walipopekua kumbukumbu za hitilafu za Java, wakakuta ripoti ya tatizo hilohilo. Ilikuwa ya mwaka 2001. Miaka kumi imekaa pale, ina namba yake, imepewa kipaumbele cha chini.

Nimelifikiria sana jambo hili. Ni rahisi kusema kwamba Java wakati ule haikuwa chanzo huria, na ni kweli, mwaka 2001 haikuwa. Lakini sidhani uwazi peke yake ndio uliofanya kazi. PHP nayo ina ripoti zilizozeeka, na mfumo wake wa zamani wa hitilafu ulivuka namba elfu 80. Naamini kilichobadilika ni kwamba mwaka 2011 kila aliyesoma alielewa papo hapo nani ataumia: mwenye tovuti, leo usiku. Ukiandika "kuna mzunguko usioisha wakati wa kugeuza maandishi kuwa namba", umesema kweli tupu, na mtu mwenye ripoti mia mbili mezani ataiweka chini ya rundo. Ukiandika "mgeni asiye na nywila anaweza kuiangusha seva kwa kujaza fomu", atasimama.

(Hapa naomba nitoe angalizo. Ukigundua jambo la aina hiyo leo, usilianike hadharani. Mradi una njia ya faragha ya kupokea taarifa za usalama. Tumia hiyo kwanza.)

Kwa nini rundo ni kubwa? Sehemu yake ni sisi. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya kwamba floor((0.1 + 0.7) * 10), ambapo floor hushusha hadi namba nzima, hutoa 7, wala si 8, kwa sababu 0.1 na 0.7 haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa namba jozi. Onyo liko pale kwa herufi wazi, na bado watu huripoti jambo hilohilo kama ugunduzi. Ebu fikiria uko upande wa anayepokea. Umeshajibu mara nyingi mno kwamba desimali ndivyo zilivyo. Siku moja anakuja mtu na desimali yenye sifuri mia tatu. Ungemsikiliza? Namba 53632 ingeweza kabisa kufungwa kwa jibu la kawaida. Iliokolewa na mstari ule mmoja, ambao mtu aliye na mashine inayofaa angeweza kuujaribu kabla hajamaliza kukasirika.

Kuna ripoti nyingine ambazo ni za haki lakini zimebisha hodi nyumba isiyo yake, na hili linatuhusu moja kwa moja. Mtu wa Nairobi anahifadhi tarehe ya kuzaliwa ya bibi yake, mwaka 1940, kisha PHP inamwambia kwamba saa za Nairobi zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Anaona upuuzi, kwani sisi sote tunajua ni saa 3. Lakini kweli Kenya ya kikoloni ilikuwa na saa za namna hiyo, na kabla ya hapo iliwahi kuwa na mbili na nusu. PHP haikutunga. Inachukua kanzidata ya kanda za saa inayotumiwa na Linux, Java na wengine wengi, ambamo Dar es Salaam siku hizi ni jina jingine tu linaloelekezwa Nairobi. Mwenye ushahidi wa gazeti la serikali la zamani kwamba tarehe fulani si sahihi aupeleke kwa watunzaji wa kanzidata ile. PHP wakirekebisha peke yao, tutakuwa na saa moja kwenye tovuti na nyingine kwenye mashine inayoibeba.

Tuje kwenye viraka. Mwaka uleule wa 2011, tarehe 18 Agosti, PHP ilitoa toleo 5.3.7. Ndani yake kulikuwa na mabadiliko madogo kwenye crypt(), kazi inayochukua nywila pamoja na chumvi (maandishi ya nasibu yanayochanganywa na nywila) na kutoa alama ya kuhifadhi badala ya nywila yenyewe. Mabadiliko hayo hayakutibu ugonjwa wowote. Yalikusudiwa kuiridhisha programu ya ukaguzi wa msimbo iliyokuwa ikilalamika kwamba amri ya C iitwayo strcat ni hatari. Ni kweli, ina sifa mbaya. Ikabadilishwa na strlcat, iliyo salama zaidi, ikapewa ukubwa wa 1, kwa sababu kilichokuwa kinaongezwa ni herufi moja tu, alama ya dola.

Wanaojua C tayari wameshika kichwa. Kwa strlcat namba ile ni ukubwa wa chombo kizima, si wa kinachoongezwa. Ukiiambia chombo kina nafasi moja, na ndani tayari kuna maandishi, haiongezi kitu. Dola haikuandikwa. Mahali pake pakabaki ile baiti ya sifuri ambayo C huitumia kumaliza maandishi. Alama ya nywila ikaandikwa vizuri kabisa, baada ya baiti hiyo, mahali ambapo hakuna atakayesoma. Anayesoma anafika kwenye sifuri anasimama. Kwa hiyo crypt() ya aina ya MD5, moja ya njia zake za kutengeneza alama, ikawa inarudisha chumvi peke yake.

Pimeni matokeo. Aliyekuwa na akaunti ya zamani hakuweza kuingia, maana alama yake haikulingana tena. Huyo alipiga simu akalalamika, afadhali. Aliyejisajili baada ya toleo jipya alihifadhiwa chumvi tupu, na kuanzia hapo nywila yoyote ilimfungulia mlango, kwa kuwa nywila yoyote ilitoa chumvi ileile. Huyo hakulalamika.

Jaribio la kukamata kosa hili lilikuwepo. Lilikuwa likishindwa, kama lilivyopaswa kushindwa. Shida ni kwamba siku zile majaribio mengi ya PHP yalikuwa yakishindwa kwa sababu mbalimbali, na watu walishazoea kuona orodha nyekundu. Mradi ukawaomba watumiaji wasipandishe toleo, wasubiri. Tarehe 23 Agosti 5.3.8 ikatoka. Na aliyeingiza kiraka kile hakuwa mwanafunzi aliyejiunga jana. Alikuwa mkongwe wa mradi. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaodhani viraka vya wageni ndivyo vya kuogopwa. Ninachokiogopa mimi ni kiraka kinachoitwa "usafi": hakina ripoti, hakuna aliyeumwa, na anayekikagua anasoma nusunusu kwa sababu jina lake linasema hakuna kitu humu.

Miaka kumi baadaye mtu mwingine alilijua vizuri hilo. Tarehe 28 Machi 2021, mabadiliko mawili yaliingia kwenye hazina ya msimbo wa PHP, iliyokuwa bado kwenye seva ya mradi wenyewe. Moja lilikuwa na jina la Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa lugha. Jingine la Nikita Popov, aliyekuwa miongoni mwa watendaji wakubwa. Maelezo ya mabadiliko hayo yalisema ni kurekebisha kosa la tahajia. Ndani mlikuwa na mlango wa nyuma: ombi la HTTP likija na kichwa User-Agentt, chenye t mbili, na thamani yake ikianza na neno fulani, PHP ingeendesha msimbo wowote uliofuata neno hilo.

Iligunduliwa ndani ya saa chache, kabla haijaingia kwenye toleo lolote. Iligunduliwa na watu wenye tabia ya kusoma kila kinachoingia, waliouliza: huu mstari unafanya nini? Baadaye watunzaji walieleza kwamba yaelekea kanzidata ya watumiaji ilivuja, na mvamizi akaingia kwa nywila. Mradi ukahamishia hazina rasmi GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, na Novemba mwaka huohuo ripoti za hitilafu zikafuata.

Novemba hiyohiyo Popov alitangaza kuelekeza nguvu zake kwingine, na PHP Foundation ikaanzishwa ili kuwalipa watu wanaofanya kazi hii. Miezi michache kabla, ndani ya mradi ilishasemwa wazi kwamba watu wawili wakiondoka, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia ingekwama. Basi mnapotuma ripoti na kungoja wiki tatu, kumbukeni idadi ya wanaosoma.

Nimalizie na wale wanaotaka kuanza. Msianze na kiraka. Chukueni ripoti iliyo wazi ambayo haina jaribio, muiandikie faili la phpt. Ni faili la maandishi lenye sehemu tatu za lazima: jina la jaribio, msimbo wa PHP, na matokeo yanayotarajiwa neno kwa neno. Litaitwa kwa namba ya ripoti, gh na tarakimu zake. Zile za zamani zinaanza na bug. Ukilileta likishindwa kwa sababu sahihi, umempunguzia mtunzaji nusu ya kazi hata kama hujui herufi moja ya C. Ukishaweza hilo, ndipo ujaribu kiraka, na ukilete kwenye tawi (mstari wa matoleo) la zamani kuliko yote ambalo bado linapokea marekebisho ya hitilafu, kwa kuwa marekebisho hupandishwa kutoka chini kwenda juu, tawi kwa tawi, mpaka master, tawi la toleo lijalo. Ukianzia master utaombwa urudie. Jambo jipya kwenye lugha lina njia yake nyingine kabisa, pendekezo linalojadiliwa na kupigiwa kura, na linahitaji theluthi mbili. Hilo tuliache kwa leo, maana namuona mwenye ukumbi anaangalia saa. Maswali.