Mishipa ya damu inayoota wakati wa ugonjwa: tuanze na kichocho

Wazee wangu shikamooni, na ninyi mliovuka kutoka visiwani, karibuni sana Mwanza.

Utafiti wa jinsi mwili unavyootesha mishipa ya damu ulipata nguvu kwenye saratani. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kukua zaidi ya milimita chache bila kujivutia mishipa mipya. Lakini sisi watu wa ziwani tuna mfano wetu: kichocho cha tumbo.

Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa inayopeleka damu kutoka utumbo hadi ini. Jike hutaga mamia ya mayai kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu yakakwama kwenye ini. Kinga ya mwili huyazingira, na miaka ikipita linabaki kovu gumu. Damu inakosa pa kupita, presha ndani ya mishipa hiyo ya kwenda ini inapanda, bandama linavimba.

Hapo ndipo mwili unapotoa amri. Seli ikikosa oksijeni, protini iitwayo HIF, ambayo kwa kawaida huvunjwa kila inapotengenezwa, hubaki na kuiamsha jeni ya VEGF, protini inayootesha mishipa. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipata Nobeli ya 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyohisi oksijeni. VEGF huzichochea seli za ukuta wa mshipa zigawanyike na kutoa matawi, na maabara zimeonyesha kuwa hata kemikali za mayai ya kichocho huichochea. Kama bodaboda barabara ikifungwa, damu inatafuta vichochoro: mishipa ya umio inatanuka, mingine inaota. Kuta zake ni nyembamba. Ikipasuka, mtu aliyevuta nyavu jana anatapika damu, na majirani wanasema kalogwa. Inaniuma sana kusikia hivyo.

Mtaniuliza, kwa nini tusiizuie VEGF? Dawa ipo, bevacizumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Ila yenyewe huweza kusababisha kutokwa damu, kwa hiyo kwa mgonjwa huyu ni hatari. Tunatumia dawa ya propranolol kushusha presha hiyo ya mishipa ya ini, na kamera ya tumbo kufunga mishipa kwa mipira midogo. Prazikwanteli huua minyoo, lakini mishipa iliyokwisha kuvimba haiifungi. Basi kijana wa Ukerewe ambaye bandama lake linashikika chini ya mbavu za kushoto asipewe vidonge tu akarudi ziwani: apimwe ultrasaundi, aangaliwe kwa kamera, kabla hajatapika damu.