Kabla ya Mshahara, Tazama Ngazi

Ndugu wasikilizaji, mjadala wa hali za wafanyakazi katika viwanda vya nguo huanza na mshahara. Leo naomba tuanze na ngazi.

Tarehe 24 Novemba 2012, kiwanda cha Tazreen Fashions huko Ashulia, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, kiliwaka moto. Moto ulianzia chini, kulikorundikwa vitambaa na nyuzi. Jengo lilikuwa na ngazi tatu, na zote tatu zilishukia kwenye ghala hilohilo. Ngazi ya nje haikuwapo. Kengele ilipolia, wasimamizi waliwaambia watu warudi kwenye cherehani. Walikufa zaidi ya 110.

Kwa hiyo mkaguzi asianzie ofisini kwenye mafaili. Ashuke kila ngazi kwa miguu yake mpaka atoke nje ya jengo. Ngazi izungushiwe ukuta unaohimili moto, mlango wake ujifunge wenyewe bila kuwekewa kabari, ufungukie upande wa kutokea, na usiwe na kufuli wala komeo. Wenye viwanda hufunga milango kwa kuogopa wizi wa nguo. Hofu hiyo naielewa, lakini upekuzi mahali pake ni getini. Kisha afungue paneli za umeme. Vumbi la nyuzi hujaa humo, waya uliolegea hupata moto, na cheche moja inatosha. Umeme uzimwe, vumbi litolewe, viungio vikazwe, vifuniko virudishwe. Na kazi hiyo iwe na ratiba na mtu anayewajibika.

Miezi mitano baada ya moto wa Tazreen likaanguka jengo la Rana Plaza, Savar, karibu na Dhaka, likaua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya humo vilifungwa. Washonaji wa viwanda vya nguo vya humo wakaamriwa warudi kazini, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara. Nyufa zilikuwa zilezile kwa wote! Mshonaji hakuwa na nguvu ya kukataa, na anayeishi kwa mshahara wa mwezi huu hawezi kuupoteza. Hapo ndipo mshahara unapoingia katika suala la usalama.

Mkataba wa usalama uliotiwa saini Mei 2013 kati ya wanunuzi, yaani kampuni zinazoagiza nguo viwandani, na vyama vya wafanyakazi ulileta jambo jipya: ulibana kisheria. Wakaguzi walikuwa huru, ripoti zilitangazwa hadharani, mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kazi ya hatari, na mnunuzi aliyekiuka aliweza kupelekwa kwa wasuluhishi. Cheti cha ukaguzi peke yake hakitoshi. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, Pakistan, kilikuwa kimepewa chake wiki chache tu kabla ya moto wa Septemba 2012 ulioua zaidi ya watu 250.

Kamati ya usalama ichaguliwe na wafanyakazi wenyewe. Mazoezi ya kutoka yafanywe bila taarifa, hata zamu ya usiku, na hasa wakati wa oda za haraka, kwa sababu ndipo maboksi hurundikwa kwenye vijia na msimamizi huona uzito kuruhusu mashine zisimame.